Fukusi wa Maonyesho

Mimi nauza viungo mtaa wa Tandamti, na kwa miaka yote niliyokaa pale hakuna kitu kilichonikera kama koti jeupe la Eliasi. Spika za matangazo nimezizoea, vumbi nimelizoea, lakini lile koti halizoeleki. Eliasi ni jirani yangu wa kuvuka barabara. Anauza nafaka: mahindi, kunde, choroko, mbaazi, na yale makopa ya muhogo mkavu wanayoyapenda watu wa kusini. Sasa niambie, muuza kunde anavaa koti la daktari la nini? Alilinunua mitumbani. Anasimama nalo mlangoni mikono nyuma, kana kwamba ndani kuna wagonjwa wamelazwa. Ukimuuliza, anasema yeye ni mtaalamu wa nafaka. Utaalamu huo aliusomea wapi, hasemi.

Alikuja Dar kijana, kutoka Masasi. Alibeba magunia hapahapa Kariakoo, akauza mahindi ya kuchemsha kwenye ndoo, mwisho akapata fremu ya duka. Hapo simdharau hata kidogo. Nilimwona akitoka jasho, na jasho ni jasho. Namdharau kuanzia siku alipogundua kwamba watu wa mji huu wanaogopa dawa.

Mahindi yakikaa muda mrefu hutiwa dawa ya unga, wadudu wasiyamalize. Kila mwenye stoo anatia, na ikikaa muda wake, ukaosha na kuanika, hakuna aliyekufa. Lakini mteja wa siku hizi ameingiwa na mambo ya afya. Atakula chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta meusi tii, atashushia soda ya rangi asiyoijua Mungu, halafu akifika kwenye mahindi anageuka mtoto mchanga: "Samahani, haya hayana dawa?" Na ushahidi anaoutaka ni mmoja tu, mdudu. Akiona mdudu anatembea juu ya gunia, moyo wake unatulia. Mdudu kama hajafa, na mimi sitakufa. Watu wazima, wenye simu kubwa mkononi, wanakwenda sokoni kupewa ushauri na mdudu!

Eliasi akawapa wanachotaka. Chini ya meza ya mizani aliweka kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko, akatia humo mahindi yasiyo na dawa na kuwafugia fukusi. Kila asubuhi, koti likishavaliwa, alichota fukusi kwa vidole vitatu na kuwanyunyiza juu ya magunia yaliyotiwa dawa, kama mtu anavyotia chumvi kwenye mchuzi. Biashara ikafunguliwa.

"Mama'angu, angalia mwenyewe, mdudu si huyo anatembea? Dawa gani tena?"

"Kweli bwana. Nipimie."

Biashara ya binzari ina vipindi virefu vya kukaa bure, na mimi nilivitumia kumwangalia fukusi. Ni mdudu mdogo, mweusi wa kuelekea kahawia, ana pua ndefu iliyochongoka kama mkonga. Pua hiyo ndiyo patasi yake. Jike hutoboa punje ya mahindi, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake hata usijue kama kuna mtu kaingia. Mtoto anazaliwa mle ndani, anakula kuta za chumba chake mpaka ashibe, halafu anatoboa dirisha anatoka. Punje moja, mpangaji mmoja. Wangapi hapa Kariakoo wana chumba cha peke yao namna hiyo?

Lakini ni mwoga. Sijaona mdudu mwoga kama fukusi. Ukimgusa tu, anakunja miguu, anaviringika, anajifanya maiti. Hata hivyo ana adabu ya wizi wake. Anakula ndani ya punje na kuacha ganda, na mwenye mahindi akiyapepeta na kuyaloweka, zile zilizoliwa zinaelea, anazitoa, anabaki na chakula. Mwizi anayekuachia kitu mezani, kwa Dar es Salaam, si mwizi mbaya.

Tatizo la Eliasi lilikuwa moja, na lilinichekesha mpaka nikawa nashika mbavu. Magunia yale yalikuwa na dawa kweli, kwa hiyo mashahidi wake walikuwa wakifa. Adhuhuri ikifika ameshawafagia kwa kiganja na kunyunyiza wengine. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza, mimi mtaalamu, mbona naua wageni wangu?

Mambo yalichacha siku aliyokuja Sista Candida.

Sista Candida anasimamia kituo cha watoto yatima nje kidogo ya mji. Ni mama mnene, mkali, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kila msimu wa mavuno anakuja kwa Eliasi kuchagua magunia ya mahindi ya watoto ya mwaka mzima, anayafunga utepe wa bluu shingoni, na kuyaacha palepale dukani kwa sababu kituo hakina ghala. Mvua za vuli zikianza anakuja na pikapu kuyachukua. Akishafunga utepe, yale ni mali ya watoto, na kituo hakina mengine. Yakiharibika yale, wale watoto wanalala njaa.

Aliyemleta Sista hapo ni Klara, mke wa Eliasi. Klara alizaliwa Newala, akafiwa na wazazi, akalelewa palepale kituoni. Watoto wa kituo mpaka leo anawaita wadogo zangu. Ni mwanamke mpole, wa maneno machache, na kosa lake kubwa nililolijua mimi ni huyo mume.

Sista naye, pamoja na usomi wake, alikuwa na ugonjwa uleule wa kumwamini mdudu. Alimwona fukusi juu ya gunia, akamgusa kwa kidole. Fukusi akajikunja.

"Eliasi, huyu amekufa."

"Hajafa, Sista. Anajifanya. Ndiyo tabia yake. Mpe muda."

Wakampa muda. Sista ameinama, Eliasi ameinama, wateja nao wakainama, wote wanamsubiri mdudu afufuke. Mimi nilimpimia mtu hiliki, nikamfungia, nikamrudishia chenji, naye akaondoka zake. Fukusi bado kalala chali. Eliasi akampuliza kidogo. Wapi! Safari hii hakuwa akijifanya.

"Nitarudi wiki ijayo," Sista akasema, akijinyoosha mgongo. "Nikikuta wazima, nachukua. Nikikuta maiti, nakwenda kwingine."

Mtu mwenye akili angemwambia pale, Sista, mahindi yana dawa, na dawa hii kazi yake ni hii. Lakini ukweli hauvai koti jeupe. Eliasi akaanza kutafuta mdudu asiyekufa.

Na akampata. Wiki hiyohiyo mama yake alimtumia gunia la makopa kutoka Masasi. Klara alilifungua uani, unga ukamwagika miguuni kwake. Makopa yalikuwa yametobolewa kila upande, na ndani ya unga walikuwa wanatambaa wadudu weusi, wadogo, wa mviringo kama vipande vya kijiti. Klara mwenyewe ndiye aliyenihadithia, amekaa kwenye kigoda changu.

"Nikamwambia, Baba Stella, hawa ni dumuzi. Kwetu wakiingia ghalani tunatoa kila kitu nje, tunachoma mpaka kihenge. Hili gunia tulichome leo leo."

"Akasemaje?"

"Akachukua mmoja akamweka kwenye mahindi yenye dawa. Kesho yake asubuhi akamkuta anatembea. Akafurahi, Bi Zamda, kama kapata mtoto wa kiume. Ananiambia, mama Stella, mdudu ni mdudu. Kwani Sista anajua majina yao?"

Mdudu ni mdudu! Basi na mimi niuze pilipili kichaa badala ya mdalasini, si vyote ni viungo?

Dumuzi si mwenzake fukusi, ngoja niwaambie. Fukusi ana pua mbele. Dumuzi ukimtazama kwa juu humwoni hata kichwa, amekiinamisha kifuani kama mtu anayepita mbele ya mwenye nyumba wake, na nyuma amekatika ghafla, butu. Wanasema alikuja kutoka ng'ambo kwenye mahindi ya msaada miaka ya njaa, na huko bara wengine wakampa jina la skania, kama lile lori, kwa jinsi alivyosomba. Kwao ni porini, ndani ya miti mikavu, kwa hiyo meno yake ni ya kula mbao. Mpe mahindi, anakula. Mpe makopa, anakula zaidi. Mpe kibuyu, anatoboa. Na ile dawa aliyozoea kutia Eliasi, yenye kumuua fukusi kabla ya adhuhuri, dumuzi anaiona kama poda ya mtoto.

Kibaya zaidi, huyu hali kwa sababu ya njaa tu. Anachimba. Anapita punje hii mpaka ile, anachonga njia, na anachosaga ni kingi kuliko anachokula. Dume akipata mahali pazuri hanyamazi kama mtu mwenye busara, anatoa harufu ya kuwaita wenzake waje. Na anapenda nafaka iliyotulia, iliyoshindiliwa, isiyoguswa na mtu kwa miezi. Fukusi ni mwoga anayejificha kwenye chumba chake. Dumuzi ni yule mgeni anayekaribishwa chai, jioni analeta ukoo. Wote wawili nawadharau, lakini kama lazima nichague, nipe mwoga.

Sista akarudi. Eliasi alikuwa amenyunyiza dumuzi kwa mkono mzima. Sista akamgusa mmoja, na yule mdudu hakujikunja, akaendelea na safari zake.

"Huyu ana nguvu," Sista akasema.

"Ndiyo faida ya nafaka asilia, Sista. Hata mdudu ana afya."

Wallahi nilitamani kumrushia jiwe la kinu. Sista akatoa tepe zake za bluu, akafunga gunia moja baada ya jingine, akiwafungia watoto wake dumuzi ndani, huku anamshukuru Mungu kwa kumpa mfanyabiashara mwaminifu. Magunia yakapangwa nyuma ya duka, moja juu ya jingine, yakaachwa yatulie. Klara alisimama mlangoni, akafungua kinywa, mumewe akamtazama, akakifunga. Magunia mengine ya Eliasi mwenyewe, yale aliyoyaficha kusubiri bei ipande, hayakuwa pale, yalikuwa kwenye chumba alichopanga Mchafukoge. Yale yalitiwa dawa na hayakunyunyiziwa kitu. Mali yake hakuipelekea mashahidi.

Siku zikaenda. Ijumaa mtaa wetu hupoa kidogo saa za sala, na Ijumaa moja nilivuka kwenda kununua kunde. Eliasi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikasikia kitu nyuma ya duka, krr, krr, krr, kama watu wengi wanatafuna bisi kwa siri. Nikasogea. Chini ya magunia ya utepe palikuwa na unga mweupe, umejikusanya kama chini ya msumeno wa fundi seremala.

"Eliasi, mahindi ya Sista yanalia."

Akaamka, akajipangusa koti. "Bi Zamda, hilo vumbi la barabarani. Wewe uza binzari."

"Haya, mtaalamu."

Nikauza binzari. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi sikuwa na muda wa kulitia maji.

Mvua za kwanza za vuli zilipopiga, Sista akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja na pikapu. Ndipo Eliasi alipofungua gunia la kwanza. Nilikuwa naona kila kitu kutoka upande wangu. Aliingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, bila kukutana na kitu kigumu. Akautoa mweupe wote. Akafungua la pili. Akafungua jingine. Punje zilizobaki zilikuwa maganda, ukizibonyeza zinavunjika. Chakula cha watoto kilikuwa kimekuwa vumbi, na ndani ya vumbi dumuzi wanaogelea.

Mimi nilidhani atalia. Kwa kweli nilimtayarishia huruma kidogo, nikaiweka pembeni. Akaniokoa na hasara hiyo. Alikwenda kuleta chekeche, akajifungia dukani, akachekecha lile vumbi, akatupa wadudu aliowaona na maganda, akachanganya na sembe kidogo lipate rangi, akalijaza kwenye mifuko mipya. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Watoto wa Sista mwaka huu hawataki mashine. Nimewasagia dona mwenyewe, bure. Sadaka."

Jioni hiyo Klara alivuka barabara. Hakununua kitu. Alikaa kwenye kigoda, kanga ameishika kwa mikono miwili.

"Bi Zamda, anataka kuwalisha wadogo zangu mavi ya wadudu."

"Mwache, mwanangu," nikamwambia. "Njia ya mwongo ni fupi."

Aliniangalia vile ambavyo hajawahi kuniangalia. "Fupi kwake. Wao watakuwa wameshakula."

 

Jumamosi asubuhi nilimwona akitoka mapema na ufunguo wa stoo ya Mchafukoge mkononi. Akarudi peke yake, akawasha jiko la mkaa pale kibarazani mbele ya duka, akabandika sufuria. Akachota unga kutoka mfuko mmoja wa sadaka. Eliasi alikuwa anapanga mifuko barabarani, koti limefuliwa, hana habari.

"Mama Stella, siku hizi tunapikia njiani kama mama lishe?"

"Sista anakuja. Mgeni hali?"

Pikapu ikaingia. Sista akashuka, Klara akampokea kwa kupiga goti kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu. Magunia yangu yako wapi?"

Eliasi akaanza hotuba yake. Kwamba amewaonea watoto huruma, kwamba amewasagia, kwamba dona asilia haina mfano. Sista akawa anaitikia kwa kichwa, ameanza kuguswa. Hapo Klara akaweka sahani juu ya gunia la kunde, mbele ya mumewe. Ugali ulikuwa umemwagika sahanini, haukushikana, umekaa kama udongo uliokosa maji. Pembeni hakuweka mboga.

"Sista," Klara akasema, "pale kituoni ulitufundisha kwamba mpishi huonja kwanza. Hii ndiyo dona ya wadogo zangu. Baba Stella ataonja."

Eliasi akacheka. Akanitazama mimi, akawatazama makuli waliosimama kusubiri kupakia, akawatazama wateja wawili watatu waliokuwa wamegeuka. Hakuna aliyecheka naye.

"Nimeshakunywa chai, mama Stella."

"Onja."

Sista akakunja mikono. "Onja, Eliasi. Kama ni chakula, kuna shida gani?"

Akanawa, akavuta kiti, akakaa. Akachota, akajaribu kufinyanga tonge, likavunjika kiganjani. Akalikusanya, akalibonyeza, likavunjika tena. Mwisho akalitupia kinywani kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Nilimwona shingo ikipanda na kushuka.

"Tamu?" Klara akauliza.

"Tamu."

"Basi kula."

Akala la pili. Akala la tatu. Machozi yalikuwa yameshamfika kwenye kope, na mimi, Mungu anisamehe, niliburudika. Sista hakuwa akimwangalia tena. Alikuwa amefungua mfuko mmoja wa ile sadaka na kutia mkono. Akautoa, akaufungua kiganja. Katikati ya unga alikuwa dumuzi mmoja ambaye chekeche lilimkosa, mzima, anatembea kuelekea kwenye dole gumba. Sista alimtazama kwa muda mrefu, akamtambua. Uso wake ulibadilika kabisa. Alikuwa amewafungia watoto utepe kwa sababu ya mdudu huyohuyo.

Mkokoteni ukaingia kutoka upande wa Mchafukoge, umesheheni magunia ya mahindi, unasukumwa na makuli wawili wanaopiga kelele watu wapishe. Ukasimama nyuma ya pikapu. Klara akauendea, akafungua gunia la juu, akamwonyesha Sista punje zilizojaa, za manjano, nzito.

"Haya yana dawa, Sista. Niliona yakitiwa, na yameshakaa muda wake. Muyaoshe, muyaanike, ndipo mpeleke mashine. Mdudu humu hamtamwona."

Sista akazipukutisha punje kiganjani. Akamfuta yule dumuzi kwenye ukingo wa gari.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Pakieni."

Makuli wakaanza kupakia. Eliasi aliyajua yale magunia, ndiyo aliyokuwa ameyaficha kusubiri bei. Alinyanyuka nusu kwenye kiti, akanyoosha mkono wenye unga, akataka kusema. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa, kumeza kulimshinda, na kutema mbele ya Sista hakuthubutu. Akakaa pale akitafuna, huku gunia la mwisho likipandishwa garini.